Jina Nililompa Takataka

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane nilimpa mdogo wangu jina, na kwa miaka ishirini na kitu niliamini kwamba jina hilo ndilo lililomuua. Nalisema hivi hivi, kavu, kwa sababu nimechoka kulizungushia maneno. Jina lenyewe ni Majaaliwa.

Siku hizi nina cherehani yangu Makanyagio, hapa Mpanda mjini, kwenye kibaraza cha duka la Mzee Hamadi. Na kama kuna neno linalonifuata pale kibarazani kila siku ya Mungu, ni hilo. Mteja analeta kitambaa, nampima, namwambia aje Ijumaa. Yeye anaitikia, "Haya fundi, tukijaaliwa." Tukijaaliwa nini? Kitambaa kipo, uzi upo, mikono ninayo, nimesema Ijumaa. Nikijibu hivyo watu wanacheka, wanasema fundi huyu ana kiburi, iko siku Mungu atamwonyesha. Wapo wanaoniita Fundi Ijumaa. Sawa tu, waniite. Hawajui kwamba neno hilo kwangu lina meno mawili ya chini na shingo inayonuka maziwa.

Tuliishi Mwese, kule milimani, mimi, mama na bibi mzaa baba. Baba alikuwa machimboni anatafuta dhahabu, na alikuwa anarudi nyumbani pale machimbo yanapomchoka. Mama alinizaa mimi, kisha akazaa wavulana wawili wakafa, mmoja hajamaliza wiki, wa pili akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Alipobeba mimba iliyofuata, bibi alimtazama tumbo siku moja akasema, "Huyu hatumpokei kama tulivyowapokea wenzake." Mama hakuuliza maana yake. Alijua.

Kwetu mtoto anayezaliwa nyuma ya vifo hapokelewi kwa vigelegele. Anatupwa. Wazee walisema kifo kina macho na kina tamaa, kinapita nyumba kwa nyumba kikitazama watu wanapenda nini, na hicho ndicho kinachochukua. Kitu kilichotupwa jalalani hakikiangalii mara mbili. Basi unamtupa mtoto wako mwenyewe, mtu mwingine anamwokota, na wewe unampokea kama mtu anayepokea kitu kisicho na faida. Na jina unampa la hukohuko alikookotwa.

Nilikuwepo siku hiyo. Mtoto alikuwa na siku tatu. Bibi alimlaza kwenye ungo, akatoka naye asubuhi jua likiwa limeshapanda ili kila mpita njia aone, akaenda naye nyuma ya nyumba tulikokuwa tunamwaga majivu na maganda ya mahindi. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama pale na ungo wake muda mrefu kuliko nilivyotegemea, ameuinamia, mgongo umenielekea mimi. Halafu akamweka chini na kuondoka bila kugeuka, nami nikajificha nyuma ya migomba nimebana mdomo kwa mikono miwili, maana mtoto alikuwa analia.

Mama Masanja, jirani yetu, ndiye aliyepangwa kumwokota. Walikuwa Wasukuma, walihamia huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na kwao desturi hiyo ipo vilevile, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa. Alipita kama mtu aliyekuwa na safari zake, akainama, akaokota, akaja mpaka mlangoni kwetu.

"Hodi humu. Nimekuta takataka hapo nyuma. Ni ya kwenu?"

"Siyo ya kwetu," mama akajibu kutoka ndani.

"Basi nikaitupe mbele huko?"

"Lete tu. Haitakosa kazi."

Alitakiwa kusema kwa sauti ya mtu asiyejali, lakini pale kwenye neno la mwisho sauti ilimkatika. Bibi akakohoa kwa nguvu, kikohozi cha uongo kabisa, ili kifo kama kiko jirani kisisikie. Mama Masanja akapewa kiganja kimoja cha chumvi, akaenda zake. Na mdogo wangu akaitwa Takataka.

Msidhani ilikuwa nyumba ya huzuni. Masharti yalikuwa kwamba mtoto asisifiwe, asivishwe nguo mpya, asitajwe kuwa amenenepa, na jina lake libaki hilo hilo mpaka atakapong'oka meno ya utoto. Basi watu wakija kumwona ilikuwa mashindano ya kumtukana. "Mh, kabaya kama nini haka." "Haka hata mbwa hakataki." Mama Masanja aliwashinda wote. Alikuwa anampakata magotini na kumwambia usoni, "Kichwa kibuyu wewe, sijui hawa watakupeleka wapi," na Takataka alikuwa anacheka mpaka anapata kwikwi. Nadhani hakuna mtoto Mwese aliyetukanwa kwa upendo kama yule.

Mimi ndiye niliyekuwa nambeba. Nikitoka shule mama alinifungia mgongoni kwa kitenge chake kilichochakaa, akaenda shambani, nami nazunguka naye hadi jioni. Mtu akikubeba mgongoni, anakujua kwa joto. Nilikuwa najua akilala, najua akitaka kulia kabla hajalia. Na nilikuwa naona aibu, aibu kubwa ya kitoto, kwamba mtu ninayempenda hivi namwita takataka.

Neno majaaliwa nilikuwa nalipata kwa bibi. Alilitumia kama watu wengine wanavyovuta pumzi. Kuku akichukuliwa na kicheche, majaaliwa. Mahindi yakikubali, majaaliwa. Nilidhani ni jina la mtu mkubwa sana anayeishi mbali, labda huko Mpanda, ambaye ndiye anayegawa vitu. Nikamwuliza, "Bibi, Majaaliwa ni nani?"

Akacheka. "Siyo mtu. Ni kile ambacho umeshawekewa, wewe unafika tu unakikuta."

"Ameniwekea nani?"

"Ungejua ungeenda kumwomba abadilishe." Akaendelea kupepeta. Baadaye akaongeza kwamba lenyewe ni neno la kuazima, lilikuja na watu wa zamani waliokuwa wanaleta chumvi na nguo, wao walikuwa wanalisema kila wakifungua mzigo na kila wakifunga. "Sisi tunalo la kwetu," akasema, na akalitaja kwa Kibende. Nililisikia. Nakumbuka midomo ilivyofunga mwishoni. Neno lenyewe sinalo tena, na wale ninaowauliza siku hizi ni vijana wenzangu wanaosema Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Bibi mwenyewe alikuwa analitoa siku za msiba tu, kama shuka jeupe.

Basi nikalichukua hilo la kuazima. Nilikuwa naenda naye katikati ya mahindi, mahali ambapo niliona hata kifo hakipiti kwa sababu majani yanakata, namgeuza kifuani, namwita, "Majaaliwa. Majaaliwa wangu." Alikuwa anaitika kwa kunitia vidole mdomoni. Ilikuwa siri yetu.

Mvua za masika zilipoanza, ilitangazwa kwamba watoto wote wapelekwe kupimwa uzito na kuchanjwa, nesi mgeni angekuja kukaa pale shuleni. Bibi hakutaka. Mama safari hii aligoma, akasema apelekwe, na kwa kuwa palizi ilikuwa imembana akatutuma mimi na bibi. Nakumbuka foleni ya akina mama, mzani umening'inizwa kwenye boriti, watoto wanatiwa kwenye kikaptula na kuning'inia wakipiga kelele. Takataka hakulia. Alikuwa anazungukazunguka pale juu anatuangalia sisi tulio chini.

"Jina la mtoto?" nesi akauliza, kalamu mkononi.

"Takataka," bibi akasema.

Akina mama wa pale hawakushtuka, nusu yao wanajua mambo hayo. Ila nesi alikuwa mtu wa kwingine. "Bibi yangu, siwezi kuandika takataka kwenye kadi ya serikali. Mtoto ana jina lake zuri. Anaitwa nani?"

Bibi akaangalia chini, akawa anakunjakunja ncha ya kitenge chake. Bibi yangu, ambaye kijijini watu walikuwa wanamwogopa, alikuwa amesimama mbele ya binti mdogo mwenye kalamu kama mwanafunzi aliyekosa jibu. Sikuweza kuvumilia. Na nikiri jambo lingine, nilikuwa nimengoja miezi tisa mtu aniulize swali hilo.

"Anaitwa Majaaliwa," nikasema.

"Umeona? Jina zuri hivyo mnalificha," nesi akasema huku anaandika. Kisha akamtoa mtoto kwenye mzani, akampigapiga matako. "Na kamenenepa kweli. Hongereni."

Watu wakapiga makofi, walifanya hivyo kwa kila mtoto aliyepimika vizuri. Nilimtazama bibi. Hakunikasirikia. Ingekuwa nafuu kama angenikasirikia. Alikuwa amefumba macho. Njia nzima ya kurudi alimbeba yeye, akatembea haraka, na kila hatua chache anageuka nyuma.

Nyumbani aliichomeka kadi kwenye nyasi za paa juu ya mlango wa jikoni. Mama alipouliza akaambiwa kadi imebaki kwa nesi. Mimi aliniambia maneno manne tu, "Usimwambie mama yako. Nyamaza." Nikanyamaza miaka yote hiyo.

Haikupita mwezi Takataka akashikwa na homa. Ilianza jioni, asubuhi ikashuka, jioni ikapanda. Siku ya tatu akakataa ziwa. Mama akampeleka zahanati, akapewa dawa na barua kwamba awahishwe Mpanda, hospitali kubwa, leo leo. Mwalimu wetu alikuwa na pikipiki, ndiye mtu pekee aliyekuwa nayo upande ule, akajitolea. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Walipoondoka niliona tairi la nyuma linacheza kwenye tope, mama ameshikilia mwalimu kwa mkono mmoja na mwingine umembana mtoto kifuani, kichwa chake kidogo kimefunikwa kitenge. Sikuambiwa nimuage, na sikufanya hivyo.

Walipotoweka nikapanda kinu, nikaichomoa kadi. Nilishajua la kufanya, au nilidhani najua. Nikaenda jalalani, nikakaa palepale alipolazwa na ungo wake, nikaokota kaa kwenye majivu nikaanza kulifuta jina. Lile jina halikufutika. Kaa lilichafua kadi tu, ukawa weusi mtupu, na wino wa nesi unaonekana chini yake. Nikatemea mate, nikasugua, karatasi ikaanza kuchubuka. Manyunyu yalikuwa yananidondokea. Nikaona maandishi yamenishinda, nikaamua kutumia mdomo.

"Takataka," nikaita. "Takataka wewe. Mbaya. Kichwa kibuyu. Hatukutaki. Hakuna anayekutaka hapa." Nilikuwa nalia huku namtukana, nimegeukia upande wa njia waliyoondokea, nikiamini sauti ikiwa kubwa itafika. "Mimi sikupendi. Sijawahi kukupenda."

Bibi akanikuta hapo. Nilitegemea kofi. Aliangalia kadi, akaangalia mikono yangu myeusi, halafu, mzee mzima yule, akakusanya kitenge chake akakaa kwenye majivu pembeni yangu.

"Mbaya huyo," akasema, kwa sauti ya juu. "Hata mimi simtaki."

Tukakaa pale, mimi na yeye, tukamtukana mtoto mpaka sauti zikakauka. Kila nikifika hapa nikiwa namsimulia mtu nashindwa kusema tulikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba sijawahi kufanya kazi yoyote kwa bidii kama ile, na haikusaidia kitu.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipomwona mama. Alikuwa anakuja kwa miguu. Pikipiki mwalimu alikuwa anaisukuma nyuma yake, mbali kidogo, kama mtu anayempisha. Mama alikuwa amembeba mtoto kifuani vilevile, ila kitenge kilikuwa kimefunika hadi uso. Watoto hai hawafunikwi uso. Hata mtoto wa miaka minane anajua hilo.

Hawakufika Mpanda. Hawakufika hata nusu ya njia. Mto ulikuwa umejaa umemeza kivuko, maji yanapita mekundu na magogo, na watu wamekaa pande zote mbili wanangoja. Mama alikaa kwenye jiwe akangoja nao. Mwalimu alijaribu kuingia, amefungwa kamba kiunoni, akarudishwa na maji mara mbili. Takataka alifia pale, kwenye foleni ya kungoja mto upungue, na mama alisema aliendelea kumpepea kwa muda kabla hajaelewa.

Msiba wa mtoto ni mdogo, unaisha upesi. Lakini watu walikuja, na kila aliyeingia aliinama kwa mama akasema neno lile. Poleni, ndiyo majaaliwa. Tumwachie Mungu, majaaliwa yake. Nyie hamjamkosea mtu, ni majaaliwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona ya ukuta nasikia mdogo wangu anaitwa. Anaitwa na watu wazima, kwa sauti, mchana kweupe, jina lile nililolificha kwenye mahindi, na yeye haitiki. Mtu mwingine akaingia, akaita tena. Nikatoka nje.

Siku chache baadaye bibi alinikuta nafagia uwanja, akaninyang'anya ufagio.

"Huli," akasema.

"Nimemwua, bibi."

Akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Wewe? Wewe kuku wa Krismasi akichinjwa unakimbia. Nani kakwambia una nguvu za kuua mtu?" Akanishika kidevu. "Yalikuwa majaaliwa. Siku yake ilikuwa imeshawekwa, ungemwita Takataka, ungemwita Mfalme, angefika pale pale mtoni. Umesikia? Haya, kale."

Nilienda nikala. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba nilikula ugali wote. Mtoto akitua mzigo anaona njaa. Lakini nilikuwa na macho pia, na nikaona kwamba tangu siku hiyo bibi hakulitumia tena neno lile. Kuku akichukuliwa, anasema kuku kachukuliwa. Mahindi yakikubali, hasemi kitu. Na majivu akaanza kumwaga upande mwingine wa nyumba. Nikaelewa kidogo kidogo, jinsi watoto wanavyoelewa mambo, kwamba alinipa kitu ambacho yeye mwenyewe hakikumtosha, na mzigo nilioutua ukaanza kunirudia.

Nikakua, nikajifunza cherehani, nikashuka Mpanda. Na neno nikalichukia. Si kwa sababu ya Mungu, na Mungu sina ugomvi naye. Nililichukia kwa sababu ya kazi linazofanyishwa. Mwanamke asiyezaa, hakujaaliwa, basi imekwisha, hakuna anayeuliza mume naye kapimwa. Mtoto kafeli, hakujaaliwa akili, na mwalimu wa hesabu hawakuwa naye mwaka mzima. Mvua ya masika inakuja kila mwaka mwezi ule ule, mto ule ule unajaa, mtu anafia palepale, na sisi tunainama kwa mfiwa tunasema majaaliwa. Hivi kweli Mungu ndiye aliyetakiwa kujenga daraja?

Nilimwuliza Mzee Hamadi mara moja, maana amesoma chuo cha dini na vitabu vyake anavyo nyuma ya magunia ya sukari. Akaniambia asili yake ni Kiarabu, jaala, ni kuweka, ni kufanya kitu kiwe kilivyo. Kwa hiyo majaaliwa ni yale uliyowekewa. Nikawaza, sisi ndio tuliomweka. Tulimweka jalalani, nami nikamweka kwenye kadi.

"Na aliyeweka, anaulizwa?" nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Yeye haulizwi, fundi. Sisi ndio tutakaoulizwa." Akarudi kupima sukari. Siku hiyo sikushona tena.

Bibi alifariki. Mama alibaki peke yake kule mlimani, magoti yakaanza kumsumbua, na mwaka jana nikamleta kwangu. Alikuja na mizigo mitatu, mmoja ukiwa wa vyombo vya bibi. Siku moja alasiri nilikuwa natia uzi kwenye sindano, yeye amekaa mkekani nyuma yangu anachambua maharage. Akaniita.

"Hiki nilikikuta kwenye kibuyu cha chumvi cha bibi yako, nilipokuwa napekuapekua vitu vyake. Nilitaka kukuuliza siku nyingi. Nani alikichafua hivi?"

Ilikuwa kadi. Imekunjwa mara nne, imekauka kwa chumvi, weusi wa kaa bado upo, na chini ya weusi jina la mdogo wangu linasomeka.

"Mimi," nikasema.

Nikamwambia yote, nimempa mgongo, mkono juu ya cherehani. Mahindi, nesi, bibi kunyamaza, jalala. Nilisema mimi ndiye niliyekiambia kifo kwamba tunaye mtoto mzuri. Nyuma yangu nilisikia maharage yanaanguka kwenye sinia moja moja, halafu sikuyasikia tena. Nikageuka.

Mama alikuwa hanilaumu. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

"Mimi nilikuwa namwita Tumaini," akasema.

Sikumwelewa mwanzoni.

"Wewe ukienda shule, bibi yako akienda kuni. Nikimnyonyesha. Namwita kwa sauti kabisa, Tumaini, baba yangu, mume wangu, mzuri wangu. Anaacha ziwa ananiangalia." Akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Pale mtoni nilishajua ni mimi. Watu wanavuta kamba, mimi nawaza, ni mdomo wangu huu. Nimekaa nalo."

"Miaka yote, mama?"

"Ningemwambia nani? Bibi yako?" Akatikisa kichwa. "Bibi yako naye. Alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wake wa mwisho alinishika mkono akaniomba msamaha. Nikamwambia wa nini, mama, hujanikosea. Akasema siku ile ya ungo alishindwa kumweka chini bila jina. Alimnong'oneza la babu yako. Akasema kifo kilikuwa hapo hapo kwenye majivu, kikasikia, kikangoja tu."

Nikaukumbuka ule mgongo wa bibi, umeinama juu ya ungo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Watu watatu ndani ya nyumba moja, kila mmoja ana jina lake alilolificha, kila mmoja anajua muuaji ni yeye, na tunakula sahani moja. Tulimtupa mtoto yule mbele ya kijiji kizima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumtupa.

"Ulimjibu nini bibi?" nikauliza.

"Ningemjibu nini? Nilimwambia yalikuwa majaaliwa. Akalala."

Barabarani bodaboda zilikuwa zinapita, mtu anabishana bei ya nyanya. Mama aliinua uso akaniuliza, na aliuliza kweli, si kwa kutafuta huruma, "Sasa wewe unayejua kusoma. Kati yetu watatu, alikuwa nani?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na mto, na mvua, na malaria, na daraja ambalo halikuwepo, yote ya kweli na yote nimeyasema mara nyingi kibarazani kwa hasira. Nikaona jinsi yalivyo madogo mbele ya mwanamke aliyekaa kwenye jiwe akampepea mtoto aliyekwisha kufa. Hakuna hata moja kati yake lililokuwa na mahali pa kumlaza mama. Nikatoka kwenye kiti changu nikakaa naye mkekani, kama bibi alivyokaa nami kwenye majivu.

"Hakuwa mtu, mama," nikasema. "Yalikuwa majaaliwa."

Sikuliamini. Nadhani mama alijua kwamba siliamini, kama mimi nilivyojua kwa bibi. Lakini aliitikia kwa kichwa, akalisogeza sinia karibu, tukamalizia maharage pamoja. Jioni alikula.

Bado nawaambia wateja Ijumaa, na Ijumaa nguo zao wanazikuta. Kadi nimeiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Sijajaribu tena kulifuta jina.